Shafti ya Mzee Bado

Shafti ilikatika mchana kweupe, katikati ya kupukuchua mahindi ya mwalimu mstaafu, tena ilikatika pale pale ilipochomelewa mara ya mwisho. Ulitoka mlio kama wa sufuria kubwa iliyoangukia sakafu, kisha trekta likaendelea kunguruma peke yake huku mashine iliyofungwa nyuma yake ikipunguza mwendo, ikipunguza, mpaka ikanyamaza na mahindi yamejaa mdomoni.

Dereva alizima injini akabaki ameketi, mikono juu ya usukani.

"Umeikanyagia mno," alisema baba mkwe wake, akija mbiombio kutoka kwenye lundo la mahindi. "Mguu wako huo ni wa lori. Hili si lori."

"Sikukanyagia, Baba. Imekatika kwenye weldi."

"Weldi haina shida. Asubuhi ilikuwa nzima."

"Asubuhi kila kitu huwa kizima," alisema mwalimu, ambaye mahindi yalikuwa yake na ambaye miaka yote ya kufundisha haikumfunza kuficha alilofikiri. Wanawake waliokuwa wakifagia punje waliinamisha vichwa wakacheka. Dereva hakucheka. Mtu hamcheki baba mkwe wake mbele za watu, hata akiwa amekaliwa na kicheko kooni.

Mzee alipiga magoti akaipapasa shafti kama mtu anayemshika mgonjwa mapigo ya moyo. Hilo lilikuwa bomba la chuma linalotoka kwenye kitako cha trekta na kuingia kwenye mashine, likipeleka nguvu za injini kule nyuma. Kwa kweli yalikuwa mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ili yavutike na kurudi trekta linapokata kona, na kila mwisho ulikuwa na krosi, kiungo kinachokunja kama goti. Krosi zote mbili zilikuwa zimelegea. Mabomba yalikuwa na makovu ya kuchomelewa kuanzia juu hadi chini.

"Inachomeleka," alisema mzee. "Bado hii."

Ndiyo maana watu walimwita Mzee Bado. Ukimwambia tairi limekwisha, bado. Ukimwambia koti limechakaa, bado. Siku alipomzika mkewe, watu walipomshika mkono na kumwambia mzee, twende nyumbani, jua linazama, alisema bado, na ikabidi wakae naye pale kaburini mpaka giza likaingia.

Dereva alikuwa ameendesha malori ya masafa hadi kampuni yake ilipofilisika. Mama mkwe alipofariki, mkewe alirudi nyumbani kumwangalia baba yake, naye akafuata. Kwa muda tu, walisema, mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa. Aliyekaa ni yeye.

Waliishi katika chumba alichokulia mkewe, chenye kitanda cha msichana na dirisha linalotazama banda la trekta. Mtoto wao alilala katikati, miguu juu ya tumbo la baba yake. Upande wa pili wa ukuta alilala mzee. Akikohoa, mtoto aligeuka usingizini. Akinyamaza, Dereva alijua yuko macho, akamnong'oneza mkewe hata mambo yasiyo na siri, kama vile dawa ya meno imekwisha. Mezani alikuwa na kiti chake, lakini hakuwahi kukisogeza upande aliotaka. Chai aliinywa kwa sukari aliyoipenda mzee. Vijana wa kijiweni walimwita Bwana Harusi, yule ambaye ukumbi umefungwa, viti vimerudishwa, naye bado yumo. Angekuwa amekosewa, angegomba akafunga virago. Lakini hakuna aliyemkosea. Walimpa nyama kubwa kwenye kila mchuzi. Alishukuru, akala, na kila siku alihisi kola ya shati ikimbana zaidi kidogo, ingawa alivaa mashati yale yale.

Wiki ile ile iliyokatika shafti, alipigiwa simu na rafiki aliyewahi kupokezana naye usukani.

"Kuna nafasi, ndugu yangu. Lori jipya kabisa, halijawahi hata kupigwa pancha. Nimelitaja jina lako. Lakini mwisho wa mwezi uwe umefika, la sivyo bosi anampa mwingine."

Alimfuata mkewe uani, kwenye kamba ya nguo, mahali pekee ambapo mtu aliweza kusema bila ukuta kusikiliza. Alimweleza yote huku akimshikia vibanio.

"Na Baba?" aliuliza mkewe.

"Baba ana nguvu kuliko mimi. Trekta analiendesha mwenyewe akitaka."

"Kuendesha anaendesha. Kulala chini ya mashine kila siku kufunga bolti, je? Juzi alishindwa kuinuka, nikamkuta ameshikilia gurudumu anajifanya analikagua."

Mkewe alitandaza shati la baba yake kwenye kamba, akalivuta mikono mpaka ikanyooka.

"Mtafutie shafti," alisema mwishowe. "Shafti ya kweli, isiyomlaza chini. Ukimwacha na mashine inayojiendea, nitaondoka na wewe nikiwa na moyo mweupe. Ukimwacha na lile dude la kuchomelea, nitakuwa nimekaa huko kwako na masikio yangu yamebaki huku."

Kwa hiyo Dereva alianza kumsemesha mzee habari za shafti mpya, asubuhi kwenye chai, mchana bandani, jioni wakinawa grisi. Alisema kwa adabu, akirudi nyuma kila alipoona uso umebadilika, akianza tena baadaye. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyemsaidia bila kujua: alipoletewa bomba lile kwa mara nyingine, alisema hapa hakuna tena chuma cha kuchomelea, mzee, kuna weldi tu. Mzee Bado alirudi nyumbani na bomba lake. Kesho yake alivaa koti lake refu la kaki, lenye mifuko iliyoning'inia, akasema, "Twende basi hilo duka lako."

Duka la vipuri lilikuwa jembamba na refu kama korido, limejaa mikanda, beringi na harufu ya mpira mpya. Aliyeuza alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Hakuuliza wanataka shafti gani. Aliuliza trekta lina nguvu za farasi ngapi, mashine gani, na umbali kutoka kitako cha trekta hadi kwenye mashine.

"Kama hivi," alisema mzee, akinyoosha mikono.

"Baba yangu, mikono hiyo haijalingana leo na jana."

Dereva alitoa kamba aliyokuwa amepimia, mafundo mawili, moja trekta likiwa limenyooka na jingine likiwa limekata kona kabisa. Mama alimtazama juu ya miwani, akaichukua, akaenda kuchungulia rafu. Alirudi na kijana wa stoo wamebeba shafti tatu, wakazilaza sakafuni.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yeye mwenyewe akaisukuma kando kwa mguu. "Hiyo ni ya kukatia nyasi. Nimeileta mjue tofauti." Ya pili ilikuwa ya wastani, imevishwa kava la plastiki la manjano kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, lenye vijinyororo vya kulizuia lisizunguke. Ya tatu ilikuwa nene kama mguu wa meza ya mahakamani, nyeusi, tupu.

Mzee Bado aliiendea ile ya tatu moja kwa moja. Aliiinua upande mmoja, akaguna kwa furaha.

"Hii."

"Hiyo ni ya mashine kubwa kuliko yako," alisema mama. "Itadumu, ndiyo. Giaboksi yako ndiyo haitadumu. Jiwe likiingia kwenye mashine, au mahindi yakikaba, lazima kitu kimoja kikubali kushindwa. Kwenye hii ya manjano, mwisho huu, kuna bolti laini. Mashine ikikaba, bolti inakatika, shafti inazunguka bure, unasimamisha, unaweka bolti nyingine, unaendelea na kazi. Kwenye hilo lidude hakuna cha kukatika. Litakachofanya ni kung'oa meno ya giaboksi, au kuvunja kitu kwenye trekta."

"Yaani unaniuzia kitu kilichotengenezwa ili kivunjike."

"Nakuuzia kitu kinachojua pa kuvunjikia."

"Nimeshavunjikiwa vya kutosha," alisema mzee. "Nataka kisichovunjika. Na hilo gauni la manjano la nini? Utatia wapi grisi?"

"Kuna matundu ya grisi hapa. Na hilo gauni, baba, ni la kukuzuia wewe usivuliwe lako."

Wateja wengine wawili walicheka. Mzee hakucheka. Alisimama na mkono juu ya chuma kinene, na Dereva alimfahamu vya kutosha kujua kwamba sasa hata akionyeshwa kosa lake kwa macho hataondoa mkono huo. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

"Tutachukua ya kati, Mama," alisema.

Hakuwahi kumpinga mzee mbele za watu. Mzee aliondoa mkono polepole, akaufuta kwenye koti.

"Mkwe amesema," alimwambia mama wa duka. "Mfungie mkwe shafti yake."

Njia nzima ya kurudi mzee alitazama dirishani. Shafti ililala kati yao ndani ya gari la kukodi, imefungwa karatasi.

Dereva aliifunga mwenyewe. Aliyakata mabomba kwa kipimo cha kamba ili yasisukumane trekta linapopinda, akahakikisha yanaingiliana ndani vya kutosha yasije yakachomoka, akaondoa ncha kali kwa tupa, akatia grisi, akaning'iniza vijinyororo. Mashine ilipozunguka mara ya kwanza haikupiga kelele yoyote ya chuma. Mkewe alitoka jikoni kuangalia kama kweli imewashwa. Walitazamana kwa mbali, naye akamwonyesha kidole gumba kwa siri, mkono ukiwa karibu na kiuno.

Bolti laini ya kwanza ilikatika kazi ilipoanza tu, mahindi yakiwa mabichi kidogo. Dereva aliweka nyingine. Ya pili ikakatika. Mzee alikuja, akasimama juu ya Dereva aliyekuwa amelala chini.

"Hata ile ya zamani ilikuwa inanilaza hivyo hivyo," alisema, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata, siku waliyokuwa wanarudi kwa mwalimu kumalizia mahindi yake, Dereva alikuta kava la manjano limetundikwa ukutani bandani, na pale pa bolti laini kuna bolti ngumu, ya gari, ndefu kuliko inavyohitajika. Ncha yake ilitokeza nje kama kidole.

"Baba, hii..."

"Nimefunga mimi."

"Mama wa duka alisema..."

"Mama wa duka anakuja kupukuchua leo?" Mzee alikuwa tayari amepanda kwenye bawa la gurudumu. "Washa, mwalimu anangoja."

Siku zilibaki chache. Dereva aliona ugomvi wote uliokuwa mbele yake, kuanzia pale bandani hadi mezani hadi ukutani, akakosa nguvu za kuuanza. Aliwasha.

Kwa mwalimu kazi ilikwenda vizuri mpaka kitu kigumu, pengine jiwe, pengine gogo la bua, kilipoingia mdomoni mwa mashine. Ingekuwa ile bolti laini, ingekatika hapo hapo. Hii haikukatika. Mashine ilitetemeka, mkanda ukalia, injini ikaanza kukoroma kwa uchungu. Mzee Bado aliacha gunia alilokuwa ameshika akakimbilia nyuma ya trekta, akainama juu ya shafti iliyokuwa ikizunguka, aone imeshikia wapi. Dereva aligeuka kumpigia kelele arudi nyuma. Aliona pindo la koti la kaki likigusa ile ncha ya bolti, likigusa kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi.

Kisha koti lote likaondoka.

Hakukumbuka baadaye kama alifikiri lolote. Mguu wake ulikuwa tayari umekanyaga klachi hadi chini, mkono umevuta kizimio. Injini ilikufa. Mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Mzee alikuwa ameinama juu ya shafti kama mtu anayechungulia kisima. Koti lilikuwa limesokotwa kwenye chuma likawa gumu kama kamba ya meli, na shati ndani yake, na suruali nayo imefuata, imechanika kuanzia kiunoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevutwa mgongoni mahali ambapo mkono hauendi. Kola ya shati ilimkaza shingoni, shavu limegandamizwa kwenye grisi. Kuanzia mbavu hadi visigino hakuwa na kitu.

Alikuwa hai. Jicho moja lilimwona Dereva likafumba.

"Usije," alisema mzee. Sauti ilitoka kama kupitia tundu la ufunguo. "Wewe usije. Mwite mtu mwingine."

Dereva alisimama. Kwa kitambo kidogo alisimama kweli, kwa sababu kila alichofunzwa tangu utotoni kilimwambia ageuze uso. Mtu huyu alikuwa baba wa mkewe. Hakuwahi kumwona hata bila kofia. Mwalimu ndiye aliyeamka kwanza. "Wote geukeni!" aliamrisha kwa sauti ya darasani. "Tazameni kule! Wewe, kimbia ukalete gari la jirani!" Na wanawake, na vijana wa magunia, wote waligeukia ukuta kama wanafunzi waliochelewa.

Dereva alivua ovaroli yake, akabaki na kaptula, akamfunika mzee kiunoni, akaifunga mikono ya ovaroli nyuma. Alifanya hivyo akitazama gurudumu. Kisha ilibidi atazame, maana kola ilikuwa inakaza. Alitoa wembe wa msumeno kwenye sanduku la spana, akaingiza vidole vyake viwili kati ya kola na shingo ya mzee ili akikosea ajikate yeye, akaanza kukata.

"Pumua polepole, Baba."

"Usikate koti."

"Nakata kola tu."

"Bado zuri koti hili."

Kola ilikatika, na mzee akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Lakini hakuachiliwa. Mkono ulikuwa bado umefungwa ndani ya ule msokoto, na kila Dereva alipogusa kitambaa, mzee alitetemeka mwili mzima. Ilibidi kurudisha shafti nyuma kwa mikono, kidogo kidogo, na kukata nguo tabaka kwa tabaka. Alifanya kazi ameinama juu yake, kifua chake kikigusa mgongo wa mzee, karibu kiasi kwamba hakujua jasho lipi ni la nani.

"Unaondoka lini?" aliuliza mzee.

Wembe ulisimama.

"Nyumba yangu ina ukuta wa udongo," alisema mzee. "Na mke wako akianika nguo upepo unaleta kila neno jikoni. Unaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Unadhani nilitaka ile shafti nene kwa ujinga." Alinyamaza apate pumzi. "Nani angekuja kunibadilishia hizo bolti zenu laini? Nilitaka kitu ambacho nikibaki peke yangu hakinisumbui. Basi."

Dereva aliendelea kukata. Alipoona machozi ya mzee yanachanganyika na grisi aligeuza macho, akayarudisha, akageuza tena. Hapakuwa na pa kuyaweka. Shafti iliwashika wote wawili, na hata alipofika kwenye tabaka la mwisho na mkono ukaanguka ukining'inia, walibaki vile vile kidogo, mmoja juu ya mwingine, kabla mwalimu hajaja kinyumenyume, uso umeelekea ukuta, akiwanyooshea shuka.

Hospitali walisema ana bahati. Walisema nguo chakavu ndiyo iliyomwokoa, kwamba ingekuwa mpya isingechanika, ingemzungusha yeye mzima. Bega lilikuwa limetoka, mkono umevunjika mahali pawili, mbavu zimepasuka. Aliporudi nyumbani alikuwa na plasta kuanzia bega hadi vidole, akalala upande wake wa ukuta, na nyumba ikawa ndogo zaidi kuliko ilivyowahi kuwa.

Hawakuweza kutazamana. Dereva akiingia, mzee aligeukia dirishani. Mzee akiletwa mezani, Dereva alikumbuka kazi bandani. Walizungumza kupitia kwa mke.

"Mwambie mumeo maji ya kuoga yapo."

"Mwambie Baba nashukuru."

Naye alikuwa amekaa katikati yao, kijiko mkononi, akipeleka maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, umbali ambao hata sauti ya mtoto ingeufikia.

Hawakuzungumza habari za kuondoka. Dereva alingoja mkewe aanze, mkewe alingoja yeye. Siku ya mwisho ya mwezi alikuwa bandani anapangua spana ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri, simu ikaita.

"Sasa?" aliuliza rafiki yake.

"Mzee ameumia."

"Nimesikia. Pole sana. Lakini unajua bosi..."

"Najua. Mpe mwingine."

"Usijali, nafasi zipo tu," alisema rafiki, kwa sauti ya mtu anayeaga mgonjwa. Dereva aliirudisha simu mfukoni, akazipanga spana upya.

Watu walikuwa bado na mahindi uani, na mvua haikuwa mbali. Wengine walikuja mlangoni kumpa mzee pole, na wakiondoka walipitia bandani kuuliza, kwa adabu, kama kazi itaendelea. Ile shafti ya manjano ilikuwa imepinda. Hapakuwa na haja ya kubishana nayo. Dereva alikwenda peke yake dukani.

Mama wa vipuri alikuwa amesikia. Habari kama hizo zinasafiri kwa kasi kuliko bidhaa. Hakusema nilisema mimi. Alimpa kiti.

"Ataendesha nani sasa?"

"Mimi."

"Msimu huu?"

Dereva alitazama shafti zilizosimama pembeni. Safari hii alichagua bila haraka, na hakuna aliyemwingilia. Alinyanyua kila moja, akatikisa krosi kwa masikio karibu, akatelezesha mabomba nje na ndani, akakagua kama kava linafunika hadi viungoni na si bomba tu, akauliza kama kava na krosi za akiba zitapatikana miaka ijayo au zitakuwa zimekwisha sokoni. Alichukua pakiti nzima ya bolti laini. Ilikuwa shafti nzuri. Alijua ni nzuri.

"Hiyo ukiitia grisi," alisema mama, akimfungia, "utazeeka nayo."

Alisema kwa wema. Dereva alishukuru, akaibeba begani, na nje ya duka ikabidi aiweke chini, ashike ukuta, angoje pumzi irudi. Alikuwa amejichagulia mwenyewe, kwa makini, kitu kitakachodumu. Wapita njia walimzunguka. Mmoja alimuuliza kama ni nzito. Alisema ndiyo, kidogo.

Mavuno yaliisha. Mkono wa mzee ulipotolewa plasta ulikuwa umekauka, na haukunyooka tena. Aliweza kushika kikombe, hakuweza kushika usukani. Alianza kukaa kwenye kiti mbele ya banda, na siku moja, akitazama kando, alisema moja kwa moja bila kumpitia mtu, "Umeitia grisi?"

"Nimetia, Baba."

"Haya."

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Yalitosha kwa wiki nzima.

Mkewe alikuja bandani Jumapili moja mchana, mtoto akiwa amelala. Alikuwa amevaa suruali ya Dereva, ameikunja miguuni na kuifunga kiunoni kwa kamba, nywele amezifunga ndani ya kitambaa, hakuna kitu chochote kinachoning'inia. Mzee alimwangalia kutoka kwenye kiti akafungua kinywa.

"Nifundishe," alimwambia mumewe.

"Kufanya nini?"

"Hili trekta. Nimezaliwa nalo hapa, sijawahi hata kulikalia."

"Binti yangu," alianza mzee, "hiyo si..."

"Baba, nyamaza kidogo."

Mzee alinyamaza. Dereva alimwonyesha gia, breki, na klachi. Alimwonyesha mkono wa kuwashia shafti, na jinsi ya kuuzima, na kwamba kabla ya kushuka kwa sababu yoyote ile, hata nyumba ikiungua, anazima kwanza. Alimfanya arudie. Mkewe aliwasha, akazunguka uani kwa kuruka ruka, kuku wakakimbia, mzee akipiga kelele kulia, kulia, wakati yeye alitakiwa kwenda kushoto. Mara ya tatu alizunguka bila kuruka. Alisimama mbele ya mashine, akawasha shafti, na wote watatu wakaitazama ikizunguka ndani ya kava lake, kava limetulia, halisogei. Akaizima. Akazima injini pia.

Alibaki juu, mikono magotini, uso umemlowa jasho.

"Rafiki yako alisema nafasi zipo," alisema kwa sauti ya chini. "Msimu ujao nitaweza peke yangu. Wewe nenda."

"Na wewe?"

"Mimi sitaweza kumwacha. Tusidanganyane tena. Lakini si lazima tukae humu wote."

Dereva alimtazama, akamtazama na mzee kule kwenye kiti, aliyekuwa amejishughulisha ghafla na kifungo cha shati lake. Alitaka kusema ndiyo, na neno lilikuwa tayari kabisa mdomoni. Alipanda, akakaa kwenye bawa la gurudumu kando yake.

"Washa tena," alisema. "Klachi unaiachia haraka mno."